Barua kwa mwanangu: walivyotupokea Mandvi

Mombasa, Februari

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Ama baada ya salamu, sisi huku wazima, alhamdulillahi. Kifua cha babako kimetulia, na paka wako amezaa tena nyuma ya tangi la maji. Nakuandikia kwa sababu kila ukipiga simu babako hunipokonya maneno. Anakusimulia Taj Mahal tangu mwanzo mpaka mwisho, mie nabaki kuitikia "naam, ndivyo." Na lile uliloniuliza, ndugu zake wa India walinipokeaje, si jambo la kujibu naye amekaa ubavuni mwangu.

Basi nianzie hapo. Siku ya kwanza walitupokea kwa chai na mashaka. Usiwalaumu. Babu yake babako aliondoka Mandvi, bandari ya Kutch huko Gujarat, kwa jahazi msimu wa kaskazi, kijana hata ndevu hana, akaacha nyuma nyumba ya baba yao na ndugu zake. Nyumba ile ingalipo. Sasa jitie wewe ndiye ukaaye humo, mjukuu wa wale waliobaki, mara anabisha hodi mzee kutoka Afrika na mkewe na mabegi, anasema kwa Kikachi cha zamani kwamba na yeye ni wa hapa. Ungefikiria nini kama si urithi? Binamu yake mmoja, mwenye duka la simu, alikaa nasi barazani akauliza kwa adabu sana: marehemu babu alifariki mwaka gani, aliacha watoto wangapi, karatasi zake ziko kwa nani. Babako akajibu yote bila haraka, kisha akaweka kikombe chini akasema, "Sisi tumekuja kuwaamkia. Fungu la babu lilikwisha samehewa zamani, kabla mimi na wewe hatujazaliwa." Kimya. Binamu akamwita mwanawe, akampa pesa, akamtuma kwa muuza nyama. Kuanzia hapo, mwanangu, shida yetu ikawa ni pa kukitia chakula.

Mwenye nyumba hasa ni shangazi yake, binti wa ndugu mdogo wa babu. Kapita themanini, miguu haimchukui, lakini ulimi wake bado unakimbia. Alimtazama babako akamwambia amenenepa. Akamwuliza kwa nini hakuandika tangu baba yake alipokufa. Akamwuliza kwa nini hakukuleta wewe. Na babako, ambaye hapa Kibokoni vijana wakimwona huzima sigara, alikaa chini kwenye zulia, kichwa ameinamisha, anasema "ndiyo, shangazi" na kula chapati asiyoitaka. Unajua mamake alimfia mapema. Miaka yote hii ya ndoa sijawahi kumwona akikemewa na mtu, na nadhani alikuwa akikungojea kukemewa huko.

Sasa la pili, ambalo ndilo ulilokuwa ukiuliza kwa kuzungukazunguka. Ndiyo, rangi yangu iliulizwa. Jirani aliingia, akanitazama, akamwuliza shangazi kama mimi ni Msidi. Wasidi ni watu wenye asili ya huku kwetu Afrika ambao wamekaa Gujarat karne nyingi. Wengine walipelekwa utumwani, wengine walikwenda kama askari na mabaharia. Mandvi wapo, Bhuj wapo. Shangazi akajibu kwa ukali, "Huyu ni mke wa mwanangu!" Babako alinitafsiria akicheka. Mimi nilifurahi na nikaudhika papo hapo. Nilifurahi kwa kuwa alinitetea. Niliudhika kwa kuwa jibu lile lilikuwa la kunisafisha, na mimi sikujiona nina uchafu. Ningekuwa Msidi, kungekuwa na ubaya gani?

Njiani nako utatazamwa, jizoeze. Wakati mwingine ni kichekesho tu: kila tulipokwenda, watu walitaka kupiga picha na mimi, wasichana wa shule, bwana harusi mzima na kilemba chake. Babako sura yake ni ya kwao, hakuombwa picha hata moja, na jioni alinuna.

Lakini kabla ya Kutch tulipita Ahmedabad, na hapo nilikiona kitu ambacho sikuwa nimeambiwa na mtu. Katikati ya mji, magari na bajaji zinapita kwa honi, pana msikiti mdogo uliojengwa mwaka 1572 na Sidi Saiyyed, mtu wa asili ya Uhabeshi aliyekuwa na cheo katika utawala wa masultani wa Gujarat. Ukuta wake wa kibla una madirisha ya jiwe lililotobolewa kuwa mti: shina, matawi yanayozungukana, majani, yote jiwe. Mafundi wetu wa milango ya Lamu wangekaa hapo siku nzima wakibishana. Picha ya mti ule imekuwa alama ya mji wenyewe, utaiona hata madukani. Kwa hiyo jirani aliponiuliza swali lake kule Mandvi, mimi nilikuwa na msikiti mzima kichwani, ila Kikachi cha kumjibu sina.

Mandvi yenyewe utaipenda. Kando ya mto Rukmavati bado wanaunda majahazi ya mbao, makubwa kama jengo la ghorofa, yamesimamishwa juu ya magogo, mafundi wanapanda na kushuka kwa ngazi za mianzi. Siku hizi hayana tanga, yanatiwa injini na kwenda Dubai na Somalia. Nilisikia nyundo za kalafati nikakumbuka ufukwe wetu. Bandari hii ndiyo iliyopeleka vitambaa kwetu na kurudi na pembe za ndovu na karafuu. Hata forodha ya Unguja zama za Seyyid Said ilikodishwa kwa nyumba ya Jairam Shivji, wafanyabiashara wa Kutch. Babako alisimama pale mpaka jua likamchoma utosi. Nilimwacha, nikaenda kula dabeli. Ni mkate mdogo umetiwa viazi vya viungo, ukwaju, njugu na punje za komamanga, na wenyeji wanaapa kwamba ulizaliwa mji huo. Nilikula mpaka nikaona haya.

Bhuj tulikwenda kutwa moja. Tetemeko la tarehe 26 Januari 2001 lilivunja sehemu kubwa ya mji ule, asubuhi ya sikukuu yao ya Jamhuri, na Gujarat ikapoteza maelfu kwa maelfu ya watu. Shangazi haendi Bhuj tangu siku hiyo na hatukumwuliza. Tuliingia Aina Mahal, jumba la vioo la mfalme wa Kutch. Aliyelipamba ni Ramsingh Malam, baharia aliyejifunza ufundi Uholanzi katika karne ya 18. Jangwa la chumvi tuliliona pia. Ni jeupe, ni kubwa, wenye ngamia wanauza picha. Nenda usiku wa mwezi, mchana linaumiza macho.

Mimi ndiye niliyetaka Jambur, karibu na msitu wa Gir wenye simba. Ni kijiji cha Wasidi. Safari ndefu, babako alilalamika njia nzima kwamba simba wako Tsavo. Tulizuru dargah, yaani kaburi la walii, ya Nagarchi Pir, na vijana walicheza dhamal kwa ngoma, mmoja akarusha nazi juu akaipasulia kichwani. Sura zile, mwanangu, ningezipita Majengo ningeziamkia kwa Kiswahili. Wanazungumza Kigujarati, babako ndiye aliyekuwa mkalimani wetu. Nisikudanganye kwamba tulilia na kukumbatiana. Mama mmoja alinishika mkono, akageuza kiganja, akacheka. Kijana mmoja aliuliza dereva wa lori analipwa kiasi gani Kenya na viza inapatikanaje. Wengi wao huchezeshwa kwenye hoteli za watalii wa simba, wamevikwa manyoya ya tausi na kupakwa rangi usoni, na hilo sikulipenda. Pale dargahni, wakiwa na nguo zao za kawaida, ngoma ilikuwa na uzito mwingine.

Haya, Taj Mahal, maana babako ataniuliza kama nimeiandika. Foleni ni mbili: mwenyeji analipa rupia 50, mgeni 1,100, na kuingia kaburini unaongeza 200. Babako akajipanga ya wenyeji, kifua mbele. Askari akamwomba kitambulisho. Akatoa cha Kenya. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Lango kuu limeandikwa Suratul Fajr, na maandishi ya juu yamefanywa makubwa zaidi ya yale ya chini ili ukisimama chini yaonekane sawasawa. Babako alisoma kwa sauti, "Yaa ayyatuha nnafsul mutmainna," watu waliokuwa nyuma yetu wakanyamaza. Hapo nilitulia. Mengine ni kama wasemavyo, ni pazuri, sina la kuongeza. Ila watu husema ni jengo la mapenzi, na mimi nilipoambiwa Mumtaz, malkia aliyejengewa, alifariki mwaka 1631 akijifungua mtoto wa kumi na nne, niliona mapenzi yangepunguzwa kidogo. Halafu kila kitu pale kimelingana kulia na kushoto, isipokuwa kaburi la mumewe, Shah Jahan, lililosogezwa ubavuni mwa lake. Nilimnong'oneza babako kwamba mume ndiye aliyeharibu mpangilio. Hakucheka.

Delhi ilikuwa ukungu na baridi, treni zikachelewa kwa saa nyingi, tukala kebabu karibu na Jama Masjid tukalala. Mumbai hatukuipa haki yake. Tulipita ile njia ya mawe katikati ya bahari kwenda kwenye kaburi la walii Haji Ali, maji yalikuwa yametoka. Yakijaa njia inafunikwa, basi ulizieni kwanza.

Wewe na mumeo mkienda, nendeni Desemba au Januari, kabla ya joto, na chukueni shali kwa ajili ya Delhi. Taj hufungwa Ijumaa. Tiketi za treni zikateni mapema sana, mabehewa ya kulala hujaa. Mandvi msilale hotelini. Shangazi ataichukulia kuwa ni tusi, na hapo mtakuwa mmeniaibisha mimi.

Amekutumia shali ya bandhani, ile ya kufungwa vifundo na kutiwa rangi, nyekundu, ameifunga mwenyewe kwenye karatasi na kuandika jina lako kwa Kigujarati. Nitampa atakayesafiri. Namba yake ya simu nimekuandikia nyuma ya barua hii. Mpigie. Majira haya, kwenu Uingereza ikiwa saa sita mchana, Mandvi ni saa kumi na moja na nusu jioni, ameshaswali Alasiri na hajalala. Hupokea mjukuu wake, msichana anayejua Kiingereza vizuri; mwambie amshikie bibi simu, kwani mwenyewe hubonyeza kila kitufe mpaka inakatika.

Mamako