Baba Mkubwa, naomba sanduku la Babu lisichomwe

Canberra, 24 Agosti

Mpendwa Baba Mkubwa,

Shikamoo. Mimi sijambo, kazi inakwenda, na baridi ya huku imeanza kulegea. Natumaini barua hii itawakuta nyote wazima pamoja na Mama Mkubwa.

Dada ameniambia kwamba nyumba ya Babu itabomolewa baada ya mavuno, na lile sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda chake limeshatengwa na vitu vya kuchomwa. Nimeona nikuandikie, kwa sababu kwenye simu nisingeweza kusema yote bila kulia. Nakuomba sana, Baba Mkubwa, lisichomwe.

Naomba nikusimulie nilichokiona huku. Ndani ya Bunge la Australia, nyuma ya kioo, yapo magome ya mti yaliyochorwa pembeni kwa udongo wa rangi michoro ya koo za Wayolngu, na katikati imebandikwa karatasi ya taipu. Ni watu wa Yirrkala, kaskazini kabisa mwa nchi hii. Mwaka 1963 serikali ilimega zaidi ya kilomita za mraba 300 za ardhi yao kwa ajili ya machimbo ya boksiti, wala haikuwauliza. Wakaandika malalamiko yao kwa lugha yao na kwa Kiingereza, wakayabandika kwenye gome ili Bunge lione kwamba nao wana sheria zao na maandishi yao. Yalifikishwa bungeni tarehe 14 Agosti. Waziri akatilia shaka saini, akahoji kama waliosaini wanawasemea kweli wenzao. Basi tarehe 28 mwezi uleule likaja gome la pili, safari hii pamoja na alama za dole gumba za wazee.

Nilisimama pale muda mrefu, Baba Mkubwa. Machimbo yalifunguliwa hata hivyo, na mwaka 1971 mahakama ikawakatalia. Lakini malalamiko yale hayakufa. Mwaka 1976 Bunge lilelile lilipitisha sheria ya kuwarudishia Waaborijini, yaani wenyeji wa asili, wa jimbo lile la kaskazini haki ya ardhi, na leo mtoto wa Yirrkala akija mjini anaweza kusoma walichoandika babu zake.

Ndipo nilipomkumbuka Babu na habari za Engare Nanyuki kule kwetu Meru, Arusha. Alituambia mara ngapi jinsi Wameru walivyoondolewa mwaka 1951 ili ardhi wapewe walowezi, na jinsi watu walivyochanga senti kwa senti hadi Kirilo Japhet akafika New York mwaka 1952 kuwasemea mbele ya Umoja wa Mataifa? Tulipokuwa wadogo tulisikiliza huku tukisinzia. Na daftari lake la michango limo ndani ya sanduku hilohilo.

Hapa Canberra kuna taasisi ya taifa inayotunza kumbukumbu za Waaborijini na za watu wa visiwa vya Torres Strait. Kabla hujafungua picha za zamani unaonywa kwamba ndani mna majina na sura za marehemu, kwa sababu kwa koo nyingi jambo hilo linatoneza msiba. Vitu vingine havionyeshwi mpaka wenyewe waruhusu. Nilipenda sana heshima hiyo.

Tena si karatasi za wakubwa tu. Mwaka 1965 wanafunzi wa Sydney, wakiongozwa na Charles Perkins, walizunguka kwa basi miji ambayo watoto wa Kiaborijini walizuiwa hata kuogelea bwawani. Mwenzao, Ann Curthoys, aliandika shajara njiani. Ni daftari la msichana mwanafunzi, lakini leo watu wanaitegemea kujua siku ile ilisemwa nini na nani alirusha nini. Na majasusi wa serikali nao waliandika, wakiwafuatilia wanaharakati miaka na miaka. Leo familia zao zinakwenda kuyafungua majalada yale, na zinamkuta mjomba au shangazi akiwa kijana, akihutubia mkutano ambao nyumbani hakuwahi kuutaja.

Kisa kinachonigusa kuliko vyote ni cha Eddie Mabo. Alikuwa mtunza bustani katika chuo kikuu, akaja kuambiwa kwamba ardhi ya ukoo wake kwenye kisiwa cha Mer, kimoja cha visiwa hivyo vya Torres Strait, kisheria ni mali ya serikali. Akashtaki. Katika karatasi zake, ambazo zipo Maktaba ya Taifa, imo michoro ya mipaka ya mashamba aliyoichora kwa mkono. Alifariki Januari 1992, na hukumu ya kuwapa watu wa Mer haki ya ardhi yao ikatoka tarehe 3 Juni mwaka uleule. Mwaka 2001 UNESCO ikaziingiza karatasi hizo kwenye orodha ya kumbukumbu za dunia. Na Babu je, hakuchora mipaka ya kihamba, shamba letu la ukoo, kwa kufuata mimea ya sale mmoja mmoja, nyuma ya kalenda ya kanisa? Nayo imo sandukuni, niliishika kwa mikono yangu.

Kwa hiyo naomba hivi: lihamishwe chumba kikavu, liinuliwe juu ya matofali ili mchwa wasilifikie, lisikae karibu na jiko. Karatasi zisitiwe kwenye nailoni, zitatoa jasho. Zifungwe kwa kitambaa cha pamba. Mtoto wa Dada apige picha kila ukurasa, hata ulio na risiti tu. Nitatuma fedha ya kitambaa na ya sanduku jipya mwisho wa mwezi.

Na jambo moja zaidi. Kwenye daftari la michango, karibu na mwisho, kuna mstari wenye shilingi mbili na dole gumba la wino wa zambarau, pasipo jina. Babu alikuwa akiligusa kwa kidole na kunyamaza. Naona wewe peke yako ndiye uliyebaki unayemjua mwenye dole lile. Naomba uniandikie ni nani.

Mwanao akupendaye.