Medali za simu zinatolewa mapema mno

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua nichangie mjadala ulioanza baada ya gazeti lako kuchapisha orodha ya simu bora za mwaka. Msomaji mmoja aliandika kwamba tuzo zote za vifaa vya teknolojia hununuliwa, na kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mwingine akamjibu kuwa wanaopima vifaa hivyo ni wataalamu wenye maabara, hivyo sisi tusio na maabara hatuna la kusema. Mimi ni fundi wa simu hapa Mwanga, mjini Kigoma, na meza yangu ina miaka kumi na minne sasa. Naona kila mmoja wa wasomaji hao ameshika upande mmoja wa jambo hili na kuuachia mwingine.

Mwezi uliopita alinijia kijana mmoja mvuvi wa dagaa kutoka Kibirizi, akiwa na simu aliyoiviringisha ndani ya kitambaa, pamoja na kipande cha gazeti kilichokunjwa mara nne. Katika kipande hicho kulikuwa na picha ya simu ileile na kando yake alama ya medali ya dhahabu. Alikuwa amedunduliza fedha kwa miezi mingi ya giza, maana wavuvi wetu wa dagaa hufanya kazi katika usiku usio na mbalamwezi, na mbalamwezi inapotoka kipato nacho husimama. “Kaka fundi,” aliniambia, “gazeti limesema hii ndiyo ya kwanza. Mbona haiingizi chaji?”

Nilipasha moto mfuniko wa nyuma hadi gundi ikalainika, nikaubandua taratibu kwa kadi nyembamba, na hata hivyo kioo cha mfuniko kikapata ufa kwenye pembe. Ndani nilikuta meno ya soketi ya chaji yameota ukijani, jambo la kawaida kwa simu inayolala kwenye mtumbwi na kuchomekwa waya ikiwa bado na unyevu. Shida ilikuwa kwamba soketi hiyo imechomelewa kwenye bodi kuu yenyewe, wakati simu nyingi za bei ya chini zinazofika kwetu zina kibodi kidogo cha chaji ambacho fundi hukitoa kwa skrubu mbili au tatu na kuweka kingine mteja akisubiri kwenye benchi. Spea yake haikuwepo Mwanga wala Ujiji, na fundi mwenzangu wa Tabora hakuwa nayo. Ikabidi iagizwe Kariakoo.

Wakati simu ikiwa bado na chaji kidogo, kijana yule alinionyesha picha aliyoipiga usiku akiwa ziwani. Taa za mitumbwi zilikuwa zimetawanyika juu ya maji, kila taa ikionekana peke yake na mwanga wake chini yake, na huku nyuma milima ya Kongo ikionekana kwa mbali kama kivuli. Sijawahi kuona simu nyingine ikishika ziwa usiku namna ile. Medali iliyochapishwa gazetini ilikuwa ya kamera, na kwa kamera simu ile iliistahili kabisa.

Hapo ndipo ninapotofautiana na msomaji wa kwanza. Vipimo vingi ni vya kweli, na hata methali aliyoitumia ilifaa zaidi zama ambazo mnunuzi aliweza kugonga chungu kwa kidole akasikia kama kina ufa. Simu huwezi kuigonga. Uzuri na ubovu wake vimefichwa chini ya gundi na ndani ya programu, kwa hiyo mnunuzi anahitaji mtu wa kumpimia, na ni haki yake kumpata. Tatizo ni kwamba mpimaji naye anaweza kudanganywa, anaweza kuwa na maslahi yake, na aghalabu hupima mambo yanayopimika katika wiki mbili za kwanza.

Kuhusu kudanganywa, mifano ipo na imeandikwa. Mwaka 2013 wachambuzi wa tovuti ya AnandTech waligundua kuwa aina mojawapo ya Samsung Galaxy S4 ilikuwa ikizitambua kwa majina baadhi ya programu za kupimia kasi, na kila ilipoziona iliruhusu kichakataji chake cha picha kufika kasi ya megahezi 532, wakati michezo ya kawaida iliishia 480. Mwaka 2018 kampuni ya UL, yenye programu ya kupimia iitwayo 3DMark, iliweka mtego wa busara: ilichukua jaribio lilelile na kulipa jina ambalo simu haikulijua. Baadhi ya simu za Huawei zilipata kwenye programu iliyo sokoni alama zilizozidi kwa hadi asilimia 47 zile zilizopatikana kwenye programu iliyofichwa jina, na P20 Pro pamoja na nyingine kadhaa zikaondolewa kwenye orodha. Mwaka 2022 wenye programu nyingine ya kupimia kasi, Geekbench, waliziondoa kwenye orodha yao simu za Samsung za matoleo manne mfululizo, yaani S10, S20, S21 na S22, baada ya kubainika kuwa mfumo wake mmoja ulikuwa ukipunguza kasi ya michezo na programu nyingi za kawaida lakini ukiziacha programu za kupimia ziende mbio.

Ninataja visa hivi kwa kuwa vinagusa pande zote mbili za mjadala wetu. Anayesema tuzo zote ni za uongo aangalie nani aliyekamata udanganyifu huo: walikuwa wapimaji wenyewe, kwa kazi ya uvumilivu ambayo mimi na meza yangu tusingeiweza. Anayesema tuwaachie wenye maabara naye aangalie ni siku ngapi simu hizo zilikaa juu ya orodha, zikiuzwa kwa sifa hizo, kabla ya kuondolewa.

Suala la maslahi ni gumu zaidi, na ningependa wasomaji walitazame bila jazba. Maonyesho makubwa ya vifaa vya teknolojia yanayofanyika Las Vegas kila Januari ni mali ya chama cha wenye viwanda na biashara hiyo, chama hichohicho ndicho kinachotoa tuzo za ubunifu, na anayetaka bidhaa yake ishindanishwe hulipa ada. Ada peke yake sioni kama ni kosa, kwani hata mtahiniwa wa kujitegemea hulipia mtihani wake na hakuna anayesema amenunua daraja la kwanza. Lakini chukua DxOMark, kampuni ya Ufaransa ambayo alama zake za kamera hunukuliwa karibu kila simu kubwa inapozinduliwa. Kampuni hiyo pia huwauzia watengenezaji wa simu vifaa vya kupimia na ushauri wa kitaalamu. Sisemi kwamba alama zake zinauzwa, na picha ya ziwa niliyoieleza inanizuia kusema hivyo. Ninasema tu kwamba mwalimu wa tuisheni akiwa ndiye msahihishaji wa mtihani, mzazi ana haki ya kuambiwa mapema.

Kisa kilichonifundisha zaidi kuhusu hili ni cha Januari 2013. Waandishi wa CNET, tovuti ya habari za teknolojia, waliokuwa wakichagua bidhaa bora za maonyesho hayohayo ya Las Vegas, walikipigia kura kisanduku cha kurekodia televisheni cha kampuni ya Dish. CBS, kampuni ya televisheni ya Marekani iliyokuwa mmiliki wa CNET, ilikuwa mahakamani na Dish kuhusu kisanduku hicho, kwa sababu kilimwezesha mtazamaji kuruka matangazo, na ikawaamuru waandishi wakiondoe. Tuzo ikaenda kwa bidhaa nyingine. Mwandishi mmoja wa CNET alijiuzulu, na baadaye wenye maonyesho wakatangaza kuwa Dish nayo ni mshindi na wakaacha kuitumia CNET kuchagua washindi. Waliopiga kura walikuwa waaminifu na kipimo chao kilikuwa sawa, lakini msomaji aliyeona jina la mshindi siku ile ya kwanza alidanganywa bila wao kupenda.

Sisi wenyewe tuna mfano wa karibu. Baraza la Mitihani la Tanzania lilipotangaza Januari 2023 matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka 2022, liliacha utaratibu wa kutaja shule kumi bora na wanafunzi bora, kwa maelezo kwamba ilikuwa kama kuzitangazia shule hizo biashara na kwamba watahiniwa hawakusoma katika mazingira yanayofanana. Wapo waliolaumu, nami nilikuwa miongoni mwao, kwa sababu nilipenda kuona ushindani. Leo ninaielewa hoja ya mazingira vizuri zaidi. Orodha za simu bora tunazozinukuu huandaliwa mahali ambapo umeme haukatiki, duka la spea liko karibu, na mteja hubadilisha simu kabla betri haijavimba. Simu za Tecno, itel na Infinix, zote za kampuni ya Transsion ya Shenzhen, ambazo ndizo zinazojaa kwenye droo zangu, hazionekani mara nyingi katika orodha hizo, na sababu kubwa ni kwamba haziuzwi katika nchi nyingi wanakoishi wanaoziandaa. Kampuni hiyo ilijijenga Afrika kwa kuweka laini mbili au zaidi kwenye simu moja, betri inayodumu, na kamera iliyorekebishwa kwa ngozi nyeusi. Mambo hayo matatu ni ya thamani kubwa kwa mama anayeuza migebuka Kibirizi, ambaye ana laini moja kwa ajili ya fedha za wateja na nyingine kwa ajili ya bando.

Wengi wetu tunaikumbuka Nokia 1100 ya mwaka 2003, kitochi kilichouzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Kilikuwa na tochi, vibonye vilivyofunikwa kwa mpira mmoja ili vumbi lisipite, na betri ambayo mwenyewe uliitoa kwa ukucha. Hadi leo bado wapo wanaoniletea. Ukikipima kwa vipimo vya wiki mbili za kwanza hakina la kuonyesha mbele ya simu za leo, na ukikipima kwa miaka kinazishinda nyingi.

Wala kupima uimara na urahisi wa kutengenezeka si ndoto ya mafundi. Ufaransa ilianza Januari 2021 kuwalazimisha wauzaji kuonyesha, kwenye simu, kompyuta mpakato, televisheni, mashine za kufulia na za kukatia nyasi, alama kati ya 0 na 10 ya jinsi kifaa kinavyotengenezeka: kama maelekezo ya ufundi yanapatikana, kama kinafunguka kwa urahisi, kama spea zipo na kwa bei gani. Alama hizo zilijazwa na watengenezaji wenyewe, na huo ni udhaifu ninaoukiri. Umoja wa Ulaya nao tangu Juni 2025 unataka simu zibandikwe lebo inayoeleza, pamoja na mengine, betri itahimili kuchajiwa mara ngapi na simu inavumilia vipi kuanguka. Wapo pia wapimaji wanaojilinda dhidi ya maslahi: Consumer Reports ya Marekani, iliyoanza mwaka 1936, hununua dukani bidhaa inazozipima na haipokei matangazo ya biashara.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, ombi langu halihusu kufuta orodha yako. Watu wanaisoma, wanaikata na kuikunja mara nne, na wanatoa fedha walizozipata kwa jasho kwa sababu yake, na uzito huo ndio unaonifanya niandike. Unapochapisha kwamba simu fulani imepata tuzo, tafadhali uandike aliyeitoa ni nani, ametoa kwa ajili ya kitu gani hasa, na kama huwauzia huduma hao anaowapima. Kama mwandishi wako mwenyewe ndiye aliyeijaribu simu, aseme ameinunua au amepewa na kampuni, na ameitumia siku ngapi. Neno moja tu, “kamera”, lingeongezwa kando ya ile medali ya dhahabu, kijana wa Kibirizi angejua ananunua nini, na pengine bado angeinunua, lakini angenunua na kava la kuzuia maji.

Naomba pia kwamba orodha ya mwaka uliopita irudiwe mwaka unaofuata. Simu zilezile zilizosifiwa zitafutwe zilipo, waulizwe wanaozitumia, na waulizwe mafundi wa Kigoma, Tabora, Mbeya na Mtwara ni zipi zinazofika kwenye meza zao na zinafika na ugonjwa gani. Mimi nina daftari ninaloandika kila simu inayoingia, aina yake, tatizo lake na spea iliyotumika, tangu siku ya kwanza nilipofungua. Majina ya wateja nitayafunika, na mengine yote niko tayari kumfungulia mwandishi yeyote utakayemtuma.

Simu ya kijana yule ingali kwenye droo yangu, bodi nimeifunga kwenye karatasi na skrubu zake nimezibandika kwa utepe zisipotee. Soketi iko njiani kutoka Dar es Salaam. Picha ya ziwa aliniomba nimtolee kwanza, kabla ya yote, na bado tunangoja chaji ndipo niweze kumpa.

Wako katika kusoma,

Fundi simu,
Mwanga, Kigoma