Kabla Hujarudi Renji

Mwanangu Rehema,

Salamu kutoka Likoni. Mama yako hajambo, ila bado anakasirika nikitaja bastola, kwa hiyo naandika hapa barazani akiwa sokoni.

Picha ya karatasi yako ya shabaha kutoka renji, uwanja wa mazoezi ya kulenga, nimeiona. Risasi zimejikusanya kifuani, na leseni ya Texas ya kubeba bastola umepata. Tangu Septemba 1, 2021 huko mtu wa miaka 21 anaweza kubeba bila leseni, na wewe ukaamua kufanya mtihani. Hongera, mama. Lakini nimeuliza mtihani wenyewe ukoje: risasi 20 kwa yadi 3, 20 kwa yadi 7, 10 kwa yadi 15, na pointi 175 kati ya 250 zinatosha. Hakuna hata mara moja unapotakiwa kuitoa bastola chini ya nguo. Nawe unatoka kazini ghalani saa sita usiku, koti limefungwa, mkoba begani, funguo mkononi. Hilo hukupimwa.

Nilipokuwa polisi, mwenzangu mmoja alimaliza mazoezi akairudisha bastola kiunoni haraka haraka. Kamba ya jaketi ilikuwa imeingia kwenye ala, yaani mfuko wa bastola, ikanasa kwenye kifyatulio. Risasi ikapita pajani. Nilimfunga kwa shati langu, na hadi leo anachechemea. Ile ala yako ya kitambaa laini ibadilishe wiki hii hii. Tafuta ngumu, inayofunika kifyatulio chote. Na kuirudisha hakuna haraka kamwe: inua nguo, angalia kwa macho yako, ndipo uiingize.

Renji utaenda mara moja kwa mwezi, risasi ni ghali. Mkono utaufunza nyumbani, dakika 10 kila jioni. Toa magazini yenye risasi, vuta slaidi, ile sehemu ya juu inayoteleza, chungulia chemba risasi inapokaa, kisha pitisha kidole humo uhakikishe. Risasi zote zibaki chumba kingine. Nyumba za huko kuta zake ni mbao na jasi, risasi inazipenya, basi elekea upande usio na mtu nyuma yake.

Sasa zoezi la kuitoa: mkono wa kushoto upandishe shati hadi kifuani. Wa kulia ushike mpini juu kabisa, kabla bastola haijatoka. Ivute wima, mikono ikutane mbele ya kifua, ndipo isukume mbele. Kidole kilale ubavuni, nje ya kifyatulio, mpaka uwe umeamua. Fanya polepole mno, hata uone aibu. Shati likinasa, anza upya. Vaa nguo zile zile za kazini, si fulana ya kulalia.

Na usiku ukitoka kazini ukimwona mtu aliyesimama karibu na gari lako, rudi ndani. Sheria ya huko haikulazimishi kukimbia. Mimi baba yako ndiye ninayekulazimisha.

Ile sarafu ya shilingi niliyokupa siku ya safari bado unayo? Bastola ikiwa tupu, iweke juu ya slaidi, karibu na kilengeo cha mbele, ubonyeze kifyatulio taratibu. Ikidondoka, mkono umetikisika. Nipigie Jumapili uniambie imebaki mara ngapi kati ya kumi.

Baba yako