Vigumba vya Jumamosi: soma kabla ya kuvileta

Habari zenu ndugu. Jumamosi tunatazama vigumba, yaani vichwa vya chuma vya mishale, vya Wakamba na vya Wahadzabe. Tumeni picha kufikia Alhamisi: pande zote mbili, rula pembeni, na moja ya karibu ya shina, yaani kile kijiti cha chuma chini ya kichwa. Alama zilizochanjwa kwenye chuma huonyesha ukoo au mwenyewe; msizisugue.

Cha Wahadzabe mara nyingi ni msumari uliopondwa bila moto, na kwenye shina uduara wa msumari huonekana bado. Kigumba kipana kisicho na ndoano (vile vimiiba vya pembeni vinavyoelekea nyuma) kwa kawaida hakipakwi sumu.

Sasa hili la sumu, maana kuna watu hapa wanavishika mikono mitupu! Ugando mweusi chini ya ndoano za mshale wa Kikamba ni sumu ya mti wa msunguti iliyochemshwa hadi ikawa kama lami. Ukikaa mkavu hubaki na nguvu miaka mingi, na ukiingia kwenye damu husimamisha moyo. Kwa hiyo glavu, hakuna msasa, hakuna kuloweka. Ukanda wa ngozi uliozungushwa juu ya sumu usiufungue. Ukikatika, thamani imeshuka. Kutu ya unga ipanguseni kwa brashi laini, kwenye chuma kitupu tu. Njooni navyo kwenye boksi gumu, ncha zimechomekwa kwenye sponji.