YAH: Malalamiko ya kukataliwa huduma za utengamao kwa mtoto aliyeathiriwa na pombe akiwa tumboni

Mkurugenzi wa Huduma kwa Wanachama,
Kampuni ya Bima ya Afya,
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na kichwa cha barua hii.

Mimi ni mkazi wa Moshi na mwanachama wenu kupitia mwajiri wangu. Ninapinga uamuzi wa idara yenu ya madai kukataa kugharamia huduma za utengamao, yaani tiba za kumwezesha kumudu maisha ya kila siku, za mtegemezi wangu, mtoto wa marehemu mdogo wangu, ambaye mimi, mama yake mkubwa, ndiye ninayemlea. Daktari bingwa wa watoto amethibitisha kuwa mtoto ana ulemavu ambao wataalamu wanauita kwa kifupi FASD, yaani madhara ya kudumu, hasa ya ubongo, yanayompata mtoto pale pombe aliyokunywa mama inapovuka kondo la nyuma na kumfikia tumboni. Barua yenu ya kukataa ilitoa sababu moja tu: kwamba mkataba haugharamii maradhi yatokanayo na matumizi ya pombe.

Mtoto huyu hajawahi kunywa pombe. Kipengele mlichokitumia kinamhusu mwanachama anayekunywa kwa hiari yake, na sioni kwa haki gani kinamwangukia mtu aliyepata madhara kabla hajazaliwa. Fomu zenu wenyewe za madai zinajazwa kwa namba za uainishaji wa kimataifa wa magonjwa, toleo la kumi, na humo mambo haya mawili yametenganishwa waziwazi. Matatizo ya mnywaji yako chini ya F10, katika sura ya magonjwa ya akili na tabia. Hali aliyonayo mwanangu ni Q86.0, katika sura ya kasoro za kuzaliwa, nazo mkataba wetu unazigharamia kwa mtegemezi aliyesajiliwa. Daktari aliandika Q86.0, kwa hiyo aliyepitia fomu ama hakuisoma namba hiyo, ama aliona neno pombe akaishia hapo.

Ofisa wenu niliyezungumza naye kwa simu aliongeza kuwa ugonjwa wa namna hii hajawahi kuusikia. Paul Lemoine wa Nantes, Ufaransa, aliripoti watoto wa aina hii mwaka 1968, na mwaka 1973 Kenneth Jones na David Smith wa Seattle, Marekani, wakaeleza dalili zake kwa kina. Mwanangu anazo zile za usoni: mdomo wa juu mwembamba, kijifereji kati ya pua na mdomo kilicho bapa, na mianya mifupi ya macho. Wengi wenye FASD hawana sura hiyo kabisa, ingawa ubongo wao umeathirika vilevile, na ninawaza mzazi wa mtoto wa namna hiyo atapokewaje na ofisi yenu ikiwa mimi mwenye ushahidi wote nimerudishwa.

Kinachoniumiza zaidi ni jinsi mlivyolipata hilo neno pombe. Marehemu mdogo wangu alipokuwa mjamzito aliulizwa kliniki kama anakunywa, naye akasema kweli kwamba anakunywa mbege, na muuguzi akaandika kwenye kadi. Kwetu Uchagani mbege ya ndizi na ulezi ndiyo kinywaji cha harusi, cha msiba na cha kuombana radhi, na wanawake wengi hawajawahi kuambiwa kwamba hakuna kiasi cha pombe kinachojulikana kuwa salama kwa mjamzito. Jibu lake lile ndilo lililomwezesha daktari, miaka baadaye, kuelewa kinachomsumbua mtoto, kwa sababu utambuzi wa ulemavu huu unategemea sana historia ya ujauzito. Nanyi mmelichukua jibu hilo hilo mkaligeuza kuwa sababu ya kumnyima huduma. Wajawazito wakijua kwamba bima inafanya hivi, watakana, kadi zitaandikwa kuwa hawanywi, na watoto wao watachapwa shuleni kwa ukaidi na uongo pasipo mtu kujua wana nini.

Hilo la uongo nimeliona kwa macho yangu. Nilimtuma mtoto dukani alete sukari, chumvi na kiberiti, akarudi na kiberiti peke yake, na chenji haikuonekana. Nilipomuuliza alinieleza habari ndefu ya mbwa aliyemfukuza, na mwenye duka akanihakikishia kuwa hapakuwa na mbwa. Daktari alinifafanulia kwamba kumbukumbu inapokatika ubongo wake huziba pengo kwa chochote kilicho karibu, naye mwenyewe anakiamini. Mwalimu wake, ambaye simlaumu maana hakuna aliyemfundisha, alimwadhibu kwa jambo la aina hiyo hiyo. Jedwali la kuzidisha analolijua Jumatatu linaweza kuwa limefutika Jumatano na kurudi Ijumaa. Ofisa wenu aliniambia pia kwamba kwa kuwa kipimo cha akili kimeonyesha kiwango cha kawaida, mtoto hana ulemavu. Kipimo hicho hakitoshi kupima uwezo wa kupanga mambo, kujizuia, wala kuhesabu chenji. Jimbo la British Columbia, Kanada, lilikutana na kizuizi hiki hiki, na mwaka 2010 likafungua huduma kwa watu wazima wenye FASD hata kama kipimo chao cha akili kinazidi 70, mpaka uliokuwa ukiwazuia, mradi wanashindwa kumudu maisha ya kila siku.

Hata mngekubali madai leo, bado pangebaki tatizo la mahali. Orodha yenu ya vituo vyenye mkataba inaonyesha tiba kwa vitendo (ile ya kumfundisha mtu kumudu shughuli zake za kila siku) na tiba ya usemi kwa watoto jijini Dar es Salaam tu, zaidi ya kilomita 500 kutoka hapa. Mtoto wa namna hii huishi kwa ratiba isiyobadilika, na kelele zinamvuruga. Tulipompeleka huko kwa gharama zetu, baada ya kutwa nzima ndani ya basi, alipoketishwa kutunga shanga kwenye uzi aliingia chini ya meza, akaziba masikio na hakutoka. Mtaalamu alituambia kwa uungwana kwamba hawezi kuandika tathmini ya kuaminika kwa hali ile. Safari yenyewe ndiyo iliyoharibu kipimo. Tena faida ya tiba hii inakuja kwa kuonana na mtaalamu mara kwa mara, mwalimu na mlezi wakielekezwa pamoja naye, jambo lisilowezekana kwa safari ya mara moja kwa mwaka. Chuo cha tiba kwa vitendo kipo hapa hapa Moshi, kwenye hospitali ya KCMC, na wahitimu wake wanafanya kazi mikoani. Kilichokosekana ni ninyi kuingia nao mkataba.

Kwa hiyo ninaomba madai yapitiwe upya kwa namba aliyoiandika daktari, na mnipe jibu la maandishi lililosainiwa na daktari wenu mshauri badala ya karani. Ninaomba pia mtamke rasmi kwamba kipengele cha pombe hakimhusu mtoto aliyeathiriwa tumboni, ili mzazi mwingine wa Rombo au Hai asianze upya mahali nilipoanzia mimi. Kuhusu huduma za mikoani, ninataka kujua ni lini mtasajili wataalamu wa Kilimanjaro na Arusha, na kama kabla ya hapo mtarejesha gharama kwa risiti za wataalamu wasio na mkataba nanyi. Ushauri wa mtaalamu kwa shule nao uhesabiwe kuwa sehemu ya tiba, kwa kuwa mtoto anashinda huko kutwa nzima.

Ninatarajia majibu ndani ya siku 14 za kazi tangu mpokee barua hii. Yasipofika, nitawasilisha shauri hili kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambaye ameshapelekewa nakala ya barua hii. Nimeambatanisha barua ya daktari, nakala ya kadi ya kliniki, barua yenu ya kukataa na risiti zote.

Wenu,

Mwanachama na mlezi wa mtoto,
Moshi, Kilimanjaro.

Nakala: Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, Dar es Salaam.