Nyumba yako imenigomea kwenye kompyuta

Mwanangu Rwega,

Mambo vipi aisee, mama hajambo? Mpe shikamoo yangu, mwambie huku Japani senene sijamwona hata mmoja. Samahani kwa kuchelewa kujibu, wiki mbili hizi nilikuwa napigana na nyumba yako.

Ile ramani ya nyumba unayojenga uliyonitumia WhatsApp, niangalie kama itahimili tetemeko, nimeiingiza kwenye OpenSees, ni programu ya bure ya wale jamaa wa chuo cha Berkeley kule Marekani. Ukuta unaukata vipande vidogo vidogo, kila kipande unakipa uzito na nguvu zake, halafu unautikisa kwa mtikisiko wa kweli uliorekodiwa mahali, kompyuta inapiga hesabu kidogo kidogo mpaka tetemeko liishe. Jengo la zege na nondo linaenda freshi tu, ila hiyo ya kwako ya tofali za kuchoma, duh, ufa ukianza tu hesabu zinagoma, unaiacha usiku kucha asubuhi unakuta imekwama sekunde ya nne. Profesa wangu anacheka tu, anasema kompyuta haijui udongo wenu, namba zote hizo umeziotea wewe.

Ndo maana hawa Wajapani hawaiamini kompyuta peke yake. Walitupeleka Miki, karibu na Kobe, kuna meza ya kutikisia majengo inaitwa E-Defense, mita 20 kwa 15, inabeba jengo la tani 1,200, chini yake pistoni 24 zinazosukumwa kwa mafuta. Waliifungua 2005, miaka kumi baada ya lile tetemeko la Kobe lililoua watu zaidi ya 6,400. Wanajenga nyumba nzima hapo juu, na makabati ndani, wanaitikisa, ndo wanalinganisha na kilichosemwa na kompyuta. Siku yetu hakukuwa na jaribio, tukaonyeshwa video, niliumia sana.

Sasa hesabu yako juzi imekubali, nimepunguza mtikisiko mara kibao. Kinachotangulia kudondoka ni ule ukuta mrefu wa sebule, unalala kwa nje, maana juu hakuna kilichoushika. Umenikumbusha Jumamosi ile ya tetemeko la Septemba 2016, zile nyumba za Bukoba zilizobaki zimefunguka upande mmoja unaona mpaka kitanda cha mtu. Nikaijaribu tena na lenta, ule mkanda wa zege na nondo, inayozunguka nyumba nzima, siyo ile ya fundi wako ya juu ya madirisha tu, na ukuta umesimama. Najua utasema nondo bei, lakini hapo usibane aisee, bana kwenye jipsam.

Namba bado za kuotea lakini. Muulize fundi mfuko mmoja wa saruji anachanganya na toroli ngapi za mchanga, na asikudanganye, kasimame mwenyewe uhesabu. Nijibu kabla hujaezeka.

Wako,
Deo