Binamu, kuhusu ile kona ya Sleeping Warrior

Binamu,

Ujumbe wako kutoka Doha nimeusoma mara tatu. Unauliza ubebe lenzi gani ukija Naivasha kwa mbio za magari za Safari Rally, kana kwamba hatujanuniana tangu yale ya kona ya Sleeping Warrior kwenye mbio za Juni 2022. Haya. La lenzi nitalijibu kwanza kwa kuwa ndilo uliloniuliza. Lile jingine utalisoma pia. Shangazi alinisihi niliache lipoe, lakini naona limekwisha kupoa na bado halijaisha.

Beba lenzi ndefu moja, ya milimita 70-200 au 100-400, na fupi moja, na kama una uwezo kila moja ikae kwenye kamera yake tangu mnatoka nyumbani. Kando ya njia hakuna kubadilisha lenzi. Unaijua fesh-fesh, lile vumbi la Soysambu na Kedong mbio zinakopita: ule ni unga, si mchanga, na gari likipita hubaki hewani ukielea. Fungua kamera mara moja tu hapo, na kila picha utakayopiga hadi Jumapili itakuwa na madoa angani. Funika kamera kwa kofia ya plastiki ya kuogea, ile yenye lastiki. Inashika vizuri na kuivua ni rahisi. Kusafisha, tumia pampu ya mpira ya kupuliza na brashi mpya ya rangi ya inchi moja. Usipulize kwa mdomo, mate yatageuza vumbi tope. Wala usifute kioo kwa shati. Ulikuwa na tabia hiyo, na zile chembe hukwaruza.

Gari likija uso kwa uso, weka kasi ya shata sekunde 1/1000 au haraka zaidi. Likipita ubavuni nawe unalifuata kwa kamera, anza na 1/250, ukishazoea shuka hadi 1/125. Wale wanaokuambia 1/60 wamezoea lami. Gari la Safari halipiti limetulia, linarukaruka juu chini kwenye mashimo, na mkono wako unakwenda kushoto kulia tu, kwa hiyo picha inatoka imetikisika hata ukiwa fundi. Fokasi usiiachie kamera iamue peke yake, itakimbilia vumbi. Chagua jiwe au kichaka kando ya njia pale gari litakapopita, ipime hapo, uifunge, usubiri.

Upepo ndio wa kwanza kuuangalia ukifika. Chota vumbi kidogo, liachie, uone linaelekea wapi, kisha simama upande upepo unakotoka. Ukikosea hapo utapata gari la kwanza tu, mengine yote utayasikia bila kuyaona, ingawa waandaaji huongeza pengo kati ya gari na gari kwa sababu hiyohiyo. Kabla ya saa tatu asubuhi jua likiwa nyuma ya gari, vumbi hung'aa kama shaba. Saa sita hakuna picha, kunywa maji. Mikondo, yaani vipande vya mbio, ya asubuhi hurudiwa mchana, kwa hiyo usigande mahali pamoja. Mzunguko wa pili njia imechimbika, mawe yametokeza, na ndipo magurudumu yanapopasuka.

Siku hizi mbio ni Machi, si Juni kama ulivyozoea, na mvua za masika huwa zinabisha hodi. Unakumbuka Jumamosi ile, asubuhi vumbi, alasiri tope, wipa zinahangaika? Basi usije na gari dogo la kukodi. Egesha kichwa kikitazama barabara ya kutokea. Lita tatu za maji kwa kila mtu. Ratiba ipakue mjini, mtandao ukielemewa na watu hutapata kitu. Na tuondoke saa tisa usiku, kwa sababu njia za kuingilia hufungwa mapema mno.

Ukisikia helikopta, gari limekaribia. Ukisikia filimbi ya mashali, yule msimamizi wa usalama njiani, mahali pako uwe umeshapachagua. Na mahali penyewe ni ndani ya kona, palipoinuka, nyuma ya utepe, na penye njia ya kukimbilia mgongoni mwako.

Nje ya kona kamwe. Ulilijua hilo, binamu. Mimi ndiye niliyekufundisha, na uliwahi kulieleza wewe mwenyewe mbele ya mchumba wako, vizuri kabisa: gari likikosa mshiko halikati kona, linaendelea kule lilikokuwa linaelekea. Fesh-fesh huficha jiwe. Jiwe hupasua tairi au hupinda mkono wa gurudumu, na dereva, hata awe bingwa wa dunia, anabaki na usukani usiosikia. Mwaka ule Toyota walishika nafasi nne za kwanza, dereva wao Rovanperä akiongoza, na hata hao Safari iliwatoa jasho.

Halafu ukaruka utepe. Ukachomoa lenzi ndefu, ukapachika ile fupi ya milimita 24, ukapiga goti nje ya kona, mita nne hivi kutoka njiani. Hebu nikuambie lenzi ile inafanya nini, maana nadhani hukuwahi kuliwaza: inasukuma vitu mbali. Gari lililo karibu kabisa, kwenye kioo unaliona bado dogo, bado lina safari. Kwa kilomita 100 kwa saa linakula mita 28 kila sekunde. Gari lenyewe mwaka ule lilikuwa kilo 1,260 kabla hajaingia dereva na mwelekezi wake.

Lakini si hilo linalonikosesha usingizi. Ni yule mtoto. Umri wa miaka saba hivi, sweta ya kijani, kandambili miguuni. Ulipovuka utepe, alivuka. Wewe ulikuwa na kamera shingoni, kizibao chenye mifuko mingi, na mashali alikuwa amegeukia upande wa pili. Mtoto aliona mkubwa anayejua kazi yake amepita, naye akapita. Alisimama nyuma ya bega lako la kushoto, ameziba masikio kwa vidole, anacheka. Hukumwona. Jicho moja lilikuwa kwenye kamera na jingine umelifumba.

Ndiyo, nilikuvuta kwa mkanda wa begi. Ndiyo, ulianguka chali na lenzi ikapiga jiwe. Gari likapita sawasawa, kwenye mstari wake, halikugusa hata nyasi, na tangu siku ile, hiyo ndiyo hoja yako: "Si lilipita?" Lilipita. Sina cha kukuonyesha. Ningekuwa nacho, tusingekuwa tunaandikiana barua. Ningengoja kulihakikisha, ningelihakikisha juu ya mtoto wa watu.

Umewaambia wa nyumbani kwamba nilikuonea wivu ile picha. Picha ipi? Lenzi fupi, vumbi usoni, gari katikati: za namna hiyo nimekataa kuzipiga miaka yote, na si kwa kukosa ujasiri. Mtu akipita utepe na kamera, walio nyuma yake wanadhani ameruhusiwa, nao wanafuata. Nilidhani unalijua. Labda sikulisema wazi, labda nilikufundisha shata na upepo nikasahau hili. Hapo nakubali lawama.

Kukuita mpumbavu mbele ya mchumba wako lilikuwa kosa langu, na naomba radhi hapa hapa, wakisoma wote. Mkono sitauombea radhi.

Lenzi yako ninayo. Fundi wa Nairobi alisema kioo cha mbele ni kizima, kilichopinda ni pete ya kufungia, na vumbi limeingia kwenye gia ya fokasi. Nimeshamlipa. Ukija, tutalala Naivasha Ijumaa, na pale kwenye kona utasimama nami upande wa ndani, penye kile kichaka cha mleleshwa, ukiwa na ile ndefu.